Nani Aliyeichonga Randa Hii?

Chukua randa ya nakshi ya karne ya 18 kutoka Massachusetts, Marekani, uishike karibu na dirisha. Ni kipande chembamba cha mti wa birichi, urefu wake unakaribia inchi 10, kilichogeuka kahawia kwa mafuta na jasho la watu waliokwisha kufa zamani. Kingo zake za juu zimekatwa mshazari, mkato mpana na bapa. Kabari inayobana kisu ina kichwa kilichochongwa kwa uangalifu, ili fundi aweze kuigonga nyuma na kuilegeza bila kuipasua. Kwenye uso wa mbele kuna mistari mitatu ya herufi zilizogongwa kwa muhuri wa chuma: CE·CHELOR, chini yake LIVING IN, na chini kabisa WRENTHAM. Yaani Cesar Chelor, mkazi wa Wrentham.

Kwa mpita njia hilo ni jina tu juu ya kifaa cha seremala. Kwa wanaofuatilia historia ya zana, ni saini ya mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, akaachwa huru, akaendelea kutengeneza randa kwa jina lake mwenyewe mpaka alipofariki mwaka 1784. Ni nadra sana zana ya kazi kumtaja mtu wa namna hiyo kwa uwazi kiasi hicho. Ndiyo maana swali la nani aliyetengeneza randa fulani ya zamani, ambalo wengi huliona kama mchezo wa wakusanyaji wa vitu vya kale, mimi naliona kuwa swali zito la historia. Na kadiri ninavyolichunguza ndivyo ninavyoshawishika kwamba muhuri unatutajia karakana, wala hautuambii mkono uliochonga. Kazi ya utambuzi huanza pale jina linaposomeka.

Tuanze na sababu ya majina hayo kuwapo. Randa ni zana ambayo kila seremala wa Afrika Mashariki anaifahamu, ingawa leo wengi hushika ya chuma au huwasha ya umeme. Kabla ya katikati ya karne ya 19, Ulaya na Marekani, randa karibu zote zilikuwa za mbao, na fundi hakumiliki moja au mbili. Kulikuwa na ya kukwangulia ubao uliotoka msumenoni, ndefu ya kunyooshea ukingo, fupi ya kulainishia, ya kuchimbia mfereji, na ya kukatia ngazi ukingoni. Kisha lilikuja kundi la randa za nakshi, kila moja ikitoa umbo moja tu la mkanda wa urembo kwa ajili ya fremu za milango, madirisha na makabati. Ukitaka umbo lile lile kwa upana mwingine, ulihitaji randa nyingine. Seremala wa majumba mjini London au Philadelphia aliweza kuwa na dazeni kadhaa sandukuni. Soko la namna hiyo ndilo lililozaa mafundi ambao kazi yao ilikuwa kutengeneza randa tu, na ndilo lililowafanya wagonge majina yao.

Mjini London ufundi huo unaonekana waziwazi katika kumbukumbu kuanzia karibu mwaka 1700. Thomas Granford, mmoja wa watengenezaji wa kwanza wanaojulikana kwa jina nchini Uingereza, alitangaza biashara yake mwaka 1703. Katika makoloni ya Marekani wa kwanza kuthibitishwa ni Francis Nicholson, aliyezaliwa mwaka 1683, ambaye alifanya kazi Rehoboth kisha Wrentham. Tangu hao hadi viwanda vilipofunga milango mwanzoni mwa karne ya 20, majina yaliyogongwa kwenye randa za Kiingereza na za Kimarekani ni maelfu.

Mtu anayeshika randa yenye jina huteleza kwanza hapa: hudhani kila jina ni la mtengenezaji. Si hivyo. Kwenye maeneo ya ujenzi mafundi wengi walifanya kazi bega kwa bega, wakiwa na zana zinazofanana, na zana ilipotea kwa urahisi. Kwa hiyo mwenye mali naye alikuwa na muhuri wake, na aliugonga bila kujizuia: mbele, nyuma, ubavuni, mara tatu au nne, wakati mwingine kichwa chini miguu juu. Alipokufa au kustaafu, zana ziliuzwa, na mnunuzi akagonga lake. Randa moja inaweza kubeba majina ya wamiliki watatu au wanne waliofuatana kwa miaka mia moja, na la mtengenezaji limebanwa katikati yao, limefifia kuliko yote.

Mtengenezaji kwa kawaida ana mahali pake. Jina lake hukaa kwenye uso wa mbele, katikati, sehemu ya juu, likiwa limegongwa mara moja kwa mkono uliotulia, na mara nyingi mji unafuata chini yake. Herufi huwa zimechorwa vizuri, aghalabu ndani ya fremu yenye ukingo wa meno ya msumeno, kwa kuwa muhuri huo ulichongwa na fundi wa mihuri na uligharimu pesa. Lakini wapo wamiliki waliokuwa na mihuri mizuri, na wapo watengenezaji wa vijijini waliokuwa na mihuri duni. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kulinganisha. Jina moja likionekana kwenye randa kumi zilizochongwa kwa mitindo kumi tofauti, huyo alikuwa mnunuzi. Likionekana kwenye randa zilizopatikana mbalimbali, mikononi mwa watu wasiohusiana, na zote zina kabari ya umbo lile lile, mikato ya kingo ile ile na urefu ule ule, huyo ndiye aliyekuwa na karakana. Randa moja peke yake haitoshi kuthibitisha jambo hili, na ndiyo sababu wakusanyaji makini huonekana wagumu kuamini.

Kusoma herufi zenyewe nako kunataka mazoea. Katika karne ya 18 herufi J ilichongwa mara nyingi kama I, hivyo I·NICHOLSON ni John Nicholson, mwana wa Francis, wala si Isaac. Majina ya kwanza yalifupishwa: Jo kwa Joseph, kama alivyofanya Joseph Fuller wa Providence kwenye mihuri yake. Nukta na alama za nukta mbili ziliwekwa kati ya maneno kwa mapenzi ya mchongaji. Asiyejua desturi hizi ataandika orodha ya mafundi ambao hawakuwahi kuishi.

Jambo linalonivutia zaidi katika mihuri ni jinsi inavyozeeka. Muhuri wa chuma unaogongwa kwa nyundo maelfu ya mara hatimaye humeguka. Mkia wa R unakatika, mguu wa N unapoteza kijincha, ukingo wa fremu unapata pengo. Kila randa iliyogongwa baada ya hapo hubeba kilema hicho. Ukipanga randa nyingi za fundi mmoja kwa kufuata kuharibika kwa muhuri wake, unapata mpangilio wa wakati hata kama hakuna tarehe yoyote iliyoandikwa. Halafu muhuri unachakaa kabisa, mpya unaagizwa, na umbo la herufi linabadilika. Vitabu vya rejea hupanga mihuri ya kila fundi kwa herufi A, B, C, na mabadiliko madogo hupewa namba. Mtu anaposema randa yake ina muhuri B wa fundi fulani, anatamka hoja kuhusu muongo iliyotengenezwa.

Baada ya jina, watu hukimbilia kisu, na hapo ndipo wanapopotea kwa wingi. Kisu cha randa hakikutengenezwa na aliyechonga mbao. Ilikuwa kazi ya wahunzi, na kwa muda mrefu mji wa Sheffield ulitawala biashara hiyo hata kuvuka bahari ya Atlantiki. Jina la Butcher wa Sheffield limo ndani ya randa nyingi zilizochongwa New York, Connecticut na Ohio. Aliyetoa kisu chenye jina hilo akahitimisha kwamba randa yote ni ya Butcher, na ni ya Kiingereza, amekosea mara mbili. Zaidi ya hayo, kisu huisha. Kila kinaponolewa hupungua, na fundi aliyetumia randa kwa miaka thelathini alilazimika kununua kingine. Kabari nayo huvunjika na kubadilishwa. Hata kwetu, seremala aliyejichongea randa ya mbao huweka kisu cha kununua chenye jina la kampuni ya mbali, na hakuna anayedai kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyochonga gogo, yaani mwili wa mbao wa randa.

Hata hivyo kisu hakistahili kupuuzwa. Maneno CAST STEEL, yaani chuma cha pua kilichoyeyushwa kwenye chungu, hayawezi kuwa ya kabla ya Benjamin Huntsman kuanzisha njia hiyo karibu na Sheffield katika miaka ya 1740, na kwa kweli yalienea baadaye sana. Kisu chenye bati la pili la kuvunja maranda ya mbao, linaloitwa chuma cha juu, nacho kina mwanzo wake: Samuel Caruthers wa Philadelphia alitangaza randa zenye visu viwili mwaka 1767. Ila ushahidi wa kisu hukubaliwa tu pale unapothibitishwa kwamba kisu na gogo vimekaa pamoja tangu mwanzo. Kisu asilia hukaa kitandani mwake bila kulegea, upana wake unalingana na mdomo, na kutu yake imeacha kivuli kwenye mbao mahali panapostahili. Kwenye randa ya nakshi, ncha ya kisu inafuata umbo la chini ya gogo kutoka upande hadi upande.

Shahidi mkuu ni gogo lenyewe, na hapa nitakawia, maana ndipo macho yanapofundishika. Anza na urefu. Randa za nakshi za Kiingereza za nusu ya kwanza ya karne ya 18 zilikuwa na urefu wa inchi 10 au 10 na nusu, pengine zaidi kidogo. Kuelekea robo ya mwisho ya karne hiyo zilikaa kwenye inchi 9 na nusu, na kipimo hicho kikawa sheria isiyoandikwa, Uingereza na Marekani, kwa muda wote uliobaki. Kwa hiyo rula peke yake inaweza kukuambia kama unatazama kazi ya mwanzo au ya baadaye, mradi hakuna mtu aliyepunguza ncha.

Fuata kingo. Katika randa za mwanzo, mkato wa mshazari kwenye kingo za juu ni mpana na bapa, na pale unapokoma ubavuni umemaliziwa kwa vikato vya patasi vinavyoonyesha kwamba aliyefanya alikuwa na muda, au angalau aliona aibu kuharakisha. Karne ya 19 ilipoingia, mikato hiyo ilipungua upana, kisha ikaviringishwa. Viwanda viliizungusha kwa haraka na kusonga mbele.

Kabari ndiyo saini ya pili ya fundi. Mstari wa kichwa chake, jinsi kinavyojipinda nyuma, kina cha mkato ulio chini ya kichwa, kama ni duara kamili au duara lililovutwa: haya yalitoka kwenye kigezo kilichoning'inia ukutani mwa karakana. Mwanafunzi aliyemaliza mafunzo alichukua umbo la kabari ya mwalimu wake kwenda nalo mji mwingine. Ndiyo maana kabari inaweza kufichua ukoo wa kiufundi pale jina linapokuwa jipya kabisa. Wanaozifahamu randa za New England, eneo lenye Massachusetts, humtambua Nicholson kwa kabari kabla hawajageuza randa kusoma mbele. Nakiri jicho la namna hiyo huja baada ya kushika nyingi sana, na hakuna kitabu kinachoweza kuliazima.

Mti nao unasema. Waingereza walitumia biichi, mti mgumu wa nchi za baridi wenye vidoa vidogo vinavyometa ubao ukipasuliwa kufuata kitovu cha gogo. Watengenezaji wa New England wa karne ya 18 walitumia sana birichi ya manjano iliyoota katika misitu yao, kabla ya biichi kushinda huko pia. Basi randa ya birichi yenye urefu wa inchi 10 na mikato mipana karibu inakutajia upande wa bahari ilikotoka. Sehemu za chini zinazosuguliwa sana zilipachikwa vipande vya mti mgumu zaidi wa boksiwudi, na namna vipande hivyo vilivyoungwa inatofautisha karakana na karakana. Umbo la nakshi yenyewe ni kalenda: mikunjo ya karne ya 18 ilitokana na vipande vya duara kwa mtindo wa Kirumi, ilhali mapema karne ya 19 mtindo wa Kigiriki ulileta mikunjo ya duara lililovutwa. Randa ya nakshi ya Kigiriki haiwezi kuwa ya mwaka 1740, hata muuzaji aape.

Ukitoka Uingereza na Marekani, kanuni zinabadilika. Randa ya nakshi ya Kiingereza hulazwa pembeni kidogo wakati wa kazi, na mara nyingi mistari miwili iliyochorwa mbele inamwonyesha fundi kiasi cha kuilaza. Za bara la Ulaya kwa kawaida husimama wima. Waholanzi wa karne ya 18 walipamba randa zao kwa mapindo ya kuchonga, na wakati mwingine walichonga mwaka ubavuni, zawadi ambayo mtafiti wa Uingereza angeifurahia mno. Wajerumani na majirani zao walipenda randa fupi yenye pembe mbele ya kushikia. Mjini Vienna kampuni ya Johann Weiss, iliyoanza mwaka 1820, iligonga jina lake kwenye randa zilizosambaa mbali. Wafaransa walichagua mti wa kormie, mzito na mgumu kuliko biichi. Kwa nchi hizi utambuzi wa majina haujafika mbali kama kwa wenzao, na hapo bado kuna kazi kubwa.

Mbao zikishasema, karatasi zinaitwa. Mjini London vijana wengi waliojifunza kutengeneza randa waliandikishwa chini ya chama cha mafundi seremala, Joiners' Company, na madaftari ya wanafunzi yaliandika nani alifundishwa na nani, na kuanzia lini. W. L. Goodman ndiye aliyeyafanyia kazi madaftari hayo na kuyaunganisha na mihuri. Kitabu chake kuhusu watengenezaji wa Uingereza kuanzia mwaka 1700 kilitoka mwaka 1968, na baadaye Jane na Mark Rees wakakipanua katika toleo la mwaka 1993. Alichokionyesha ni mnyororo: Granford alimfundisha Robert Wooding, Wooding akafundisha wengine, nao wakafundisha wengine. Majina yaliyokuwa yakielea kila moja peke yake yakawa familia ya ufundi yenye vizazi.

Kwa Marekani kazi hiyo ilifanywa na Emil na Martyl Pollak, ambao mwongozo wao wa majina ulitoka kwanza mwaka 1983, na toleo la nne lililosahihishwa na Thomas Elliott likafuata mwaka 2001. Huko vyanzo ni vingine: vitabu vya anwani za miji, sensa, matangazo ya magazeti, wosia, orodha za mali ya marehemu. Kitabu cha anwani kikisema fundi alihamia mtaa fulani mwaka fulani, na muhuri ukataja mtaa huo, tumepata mpaka wa wakati. Ubia unasaidia zaidi. Majina mawili yaliyounganishwa kwenye muhuri mmoja huwa na maisha mafupi, pengine miaka miwili au mitatu kabla ya wenzi kugombana au mmoja kufa, na randa yenye muhuri huo inaingia kwenye dirisha hilo dogo. Neno la Kiingereza la "na mwana" likiongezwa kwenye jina la kampuni, umejua biashara imeingia kizazi cha pili.

Hata hivyo karatasi hizo hizo ndizo zinazovunja imani rahisi juu ya jina. Mjane aliweza kuendesha karakana ya mumewe kwa miaka mingi akitumia muhuri ule ule. Mwanafunzi alichonga randa kwa miaka saba na hakuna hata moja iliyotoka mlangoni ikiwa na jina lake. Na palikuwapo watu ambao hawakuwa na ruhusa ya kuwa na jina kabisa katika biashara.

Francis Nicholson alipofariki mwaka 1753, wosia wake ulimwacha huru mtumwa wake Cesar Chelor. Ulimpa pia kitanda na matandiko, benchi na vifaa vya kazi, ekari 10 za ardhi, na haki ya kupata mbao za kufanyia ufundi wake. Yatazame masharti hayo kwa jicho la fundi. Mtu hapewi benchi, zana na mbao za kazi ambayo hajaimudu. Wosia huo ni ushahidi kwamba Chelor alikuwa tayari mtengenezaji kamili wa randa akiwa bado mali ya mtu mwingine, na kwamba kwa miaka kadhaa kabla ya 1753 mikono yake ilichonga randa zilizotoka na muhuri wa F. NICHOLSON. Zipi? Hakuna anayeweza kuzitenga kwa yakini. Ukiweka randa ya baadaye ya Nicholson kando ya randa ya Chelor, zote za birichi, mikato ile ile, kabari zilizo karibu kufanana, mpaka wa hadhi za watu hao wawili hauonekani kwenye mbao. Unaonekana kwenye herufi tu.

Baada ya kuwa huru Chelor hakuhama. Alikuwa tayari muumini wa kanisa la mji ule, alioa mwaka 1758, na akaendelea kugonga jina lake kwa mtindo alioutumia Nicholson, ikiwa ni pamoja na maneno ya kutaja anapoishi. Kwa fundi mzungu maneno hayo yalikuwa tangazo la biashara. Kwa mtu aliyekuwa mtumwa, kujitambulisha hadharani kuwa mkazi wa mji, kwa muhuri wa chuma, juu ya bidhaa zinazonunuliwa na wengine, ni jambo zito zaidi, na sioni sababu ya kulichukulia kama desturi tu. Aliishi kuona mahakama za Massachusetts zikiondoa msingi wa kisheria wa utumwa katika kesi za Quock Walker, mtumwa aliyedai uhuru wake, zilizoisha mwaka 1783. Mwaka uliofuata akafariki. Leo randa zake huuzwa kwa maelfu ya dola, na makumbusho ya Colonial Williamsburg yanahifadhi baadhi yake.

Suala la mkono na jina halikuishia karne ya 18. Viwanda vikubwa vya karne ya 19 vililipanua. Katika jela ya Auburn, jimbo la New York, wafungwa walitengeneza randa kwa mikataba iliyotolewa kwa wafanyabiashara mbalimbali. Huko Columbus, jimbo la Ohio, kampuni ya Ohio Tool, iliyoundwa mwaka 1851, ilitumia wafungwa wa jela ya jimbo hilo kwa miaka mingi. Randa zake ni miongoni mwa zinazopatikana kwa wingi zaidi Marekani, na mamia ya mikono iliyozichonga haimo katika mwongozo wowote wa watengenezaji. Mkusanyaji anayesema kwa fahari kwamba ametambua mtengenezaji wa randa kuwa Ohio Tool ametambua kampuni tu.

Kutambua randa za viwanda ni rahisi kwa namna yake. Namba zilizogongwa mbele au nyuma ni namba za katalogi, na makatalogi mengi ya kampuni za Greenfield, Sandusky, Auburn na Chapin yamechapishwa upya. Tatizo ni majina. Kampuni moja iliuza bidhaa ile ile kwa jina lake, kwa jina la daraja la pili, na kwa jina la duka la vifaa lililoagiza. Hivyo jina la mwenye duka wa mji wa mbali linaweza kukaa mahali pa mtengenezaji, mbele na katikati, na kumdanganya hata mzoefu. Namba ya katalogi ikilingana na ya kiwanda fulani, na umbo la kabari likilingana, siri inafichuka.

Uzalishaji huo ulikufa polepole. Kampuni ya Stanley ilinunua haki za Leonard Bailey za randa za chuma mwaka 1869, na mashine za kukata nakshi ziliondoa haja ya dazeni za randa za umbo moja moja. Kampuni ya Auburn iliungana na Ohio Tool mwaka 1893. Kiwanda cha Sandusky kilipigwa na kimbunga cha Juni 1924 na hakikupona. Nchini Uingereza, Mathieson wa Glasgow na Marples wa Sheffield waliendelea kuuza randa za biichi hadi ndani ya karne ya 20, na ndizo zinazokutwa kwa urahisi zaidi katika masanduku ya zana huko.

Bei za randa za mafundi wa mwanzo zilipopanda, walaghai walifika. Njia ya kawaida ni kuchukua randa ya kweli ya karne ya 18 isiyo na jina na kuigonga muhuri wa kuiga. Uongo huo hukamatwa kwa lenzi na mwanga wa pembeni. Herufi za zamani zina uchafu na rangi ile ile ya uso unaozizunguka, kingo zake zimelainika, na nyufa za mti zimepita juu yake. Herufi mpya hukata uchafu na kuonyesha mbao safi ndani, au zimepakwa rangi ambayo haikuingia kwenye nyuzi. Kipimo kingine ni kilema: kama muhuri wa kweli wa fundi huyo ulikuwa umemeguka herufi fulani, na huu ni mzima juu ya randa ambayo kwa dalili nyingine zote ni ya miaka yake ya mwisho, basi kuna jambo.

Uharibifu mkubwa zaidi, hata hivyo, hufanywa na watu wema. Mtu anarithi randa, anaiona chafu, anachukua msasa. Dakika tano zinatosha kuondoa uso wa mbele na jina lililokuwa juu yake, na hakuna chombo kitakacholirudisha. Kama randa ya namna hii imekufikia, ifute vumbi kwa kitambaa kikavu na uishie hapo. Zima taa ya juu, weka tochi ubavuni ili mwanga upite kwa kulala juu ya uso wa mbele. Herufi ambazo mchana hazikuonekana kabisa hujitokeza zenyewe. Zipige picha pamoja na rula. Pima urefu kwa usahihi, chora mstari wa kabari kwa kuilaza juu ya karatasi, andika ni mti gani, randa imepatikana wapi na kwa nani, na majina yote ya wamiliki hata yanayoonekana hayana maana, kwa kuwa mmiliki anayejulikana aliishi wapi hutoa fununu ya fundi alikonunua. Vyama vya watafiti kama Early American Industries Association, kilichoundwa mwaka 1933, na Tool and Trades History Society cha Uingereza, hupokea taarifa hizo. Majina mengi katika miongozo yaliingia kwa njia hiyo: randa moja iliyorekodiwa vizuri ikakaa miaka bila mwenzake, kisha ya pili ikatokea mji mwingine ikiwa na muhuri ule ule na kabari ile ile.